Mama Gemu na Televisheni Yenye Stika

Televisheni ya Joviana ina stika. Iko pembeni chini, upande wa kulia, ya rangi ya dhahabu, imeandikwa 4K, na haijabanduliwa tangu siku televisheni hiyo iliposhuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa mablanketi mawili kama mgonjwa. Aliyeituma ni binti yake, Lilian, muuguzi huko. Inchi hamsini na tano. Ilipotundikwa ukutani pale Kitendaguro, Bukoba, majirani walikuja kuipa hongera, wakatengewa kahawa ya kutafuna, wakauliza ile stika maana yake nini. Joviana akampigia simu mwanawe.

"Maana yake inaweza kutoa picha kali mara nne ya zile za zamani, mama," Lilian akasema.

Tangu siku hiyo Joviana akawa anausubiri huo ukali. Haukuja. Taarifa ya habari ilikuja vilevile, misa ya Jumapili vilevile, mpira vilevile, na mvua ikinyesha king'amuzi kilikatakata picha kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai. Mumewe, Apolinary, alikuwa akipita hapo anaigonga stika kwa ukucha.

"Pambo tu hili, Mama Lilian. Wamebandika ili tufurahi."

"Acha, Baba Lilian. Siku yake itafika."

Hiyo ni miaka miwili iliyopita, na stika bado ipo.

Sasa huyu Joviana ni vizuri kumjua alikotoka, maana jambo lenyewe linaanzia huko. Alizaliwa Ijumbi, wilaya ya Muleba, kwenye nyumba ambayo ukitoka mlangoni hatua mbili umeshaingia kwenye migomba, na chini ya migomba mibuni. Darasa la saba alimaliza, lakini shule yake hasa ilikuwa miguuni pa bibi yake, Annastella, mwanamke asiyesema sana, aliyesuka vile vikapu vidogo vyenye mfuniko ambavyo mgeni hutengewa kahawa. Ukimpa bibi huyo kikapu, alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakisogeza mpaka puani, kisha ama alitabasamu ama alikifumua chote. Joviana alifumuliwa vikapu tangu ana miaka saba mpaka kumi na moja. Siku kimoja kilipopona, bibi alikitia kahawa saa ileile akaenda nacho parokiani kumwonyesha padri, njia nzima anasema na watu kana kwamba amepata mjukuu mpya.

Kwa hiyo jicho la Joviana si la kawaida. Uzi mmoja ukiruka mahali pake, yeye anauona kama wewe unavyoona ng'ombe barabarani. Na ni jicho hilohilo lililomwona dereva mmoja wa lori la kahawa aliyekuja Ijumbi kubeba magunia, na ambaye baadaye akawa anasimama hata siku zisizo na gunia. Ndiye Apolinary. Akamchukua, wakaja kuishi Kitendaguro, na miaka ikaenda.

Gemu ziliingia nyumbani kwa bahati. Lilian alipoondoka kwenda kazini aliacha mashine yake ya zamani ya gemu chini ya meza. Joviana hapendi kitu kikae bure. Akasafisha chumba cha mbele, kile kilichokuwa duka la chumvi na sabuni, akaweka mabenchi, akawasha. Wa kwanza kuingia walikuwa waendesha bodaboda waliokimbia mvua, na unajua mvua ya Bukoba, haina haraka ya kwenda popote. Wakacheza mpira wa kwenye kioo mpaka ikakatika, wakarudi kesho yake hata bila mvua. Wakaja walimu. Akaja Mwalimu Byabato, mstaafu, Mlutheri, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mto wake mwenyewe wa kukalia ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Joviana akaitwa Mama Gemu. Hata katekista anamwita hivyo, ingawa kanisani anajirekebisha.

Chumba kile kikawa maisha yake. Alijua nani akifungwa anasingizia pedi ya kuchezea, na nani anasingizia mwanga wa dirisha. Alisuka pale pembeni, akicheka nao, akiwakemea wakizidi.

Halafu Novemba radi ikapiga nguzo. Televisheni ilipona kwa sababu Apolinary alikuwa ameichomoa ili achaji redio yake, kitendo ambacho Joviana alikuwa amekilalamikia asubuhi ile na ambacho mpaka leo anakumbushwa. Mashine haikupona. Ilitoa moshi mwembamba, harufu ya nywele zilizoungua, basi.

Mwezi mzima na zaidi chumba kilikaa kimya. Mwesiga, kiongozi wa vijana wa bodaboda na mchezaji anayeogopwa kuliko wote, alikuja kusema bila kuzunguka.

"Mama Gemu, sisi tunakupenda. Lakini kule Ijuganyondo wamefungua ukumbi wa gemu. Tumekuvumilia tangu radi. Krismasi ikipita hatujaona kitu cha maana hapa, tunahamia."

"Na mkihama?"

"Tukihama tumehama. Mtu akishazoea benchi la kwingine, unajua tena."

Apolinary naye, kwa upole wake, alikuwa ameshapima kile chumba kwa macho. "Mbuzi wangekaa vizuri hapa," alisema. "Kikavu."

Ndipo ikaja Krismasi, na Krismasi Wahaya wanarudi nyumbani. Magari yakajaa vilimani, kila mji ukawa na kicheko na moshi wa jikoni. Johnson, mtoto wa mdogo wake Apolinary, fundi wa vifaa vya umeme Mwanza, alifika na maboksi mawili. Aliyafungulia mezani, Joviana amesimama na mikono ina unga.

"Mama mkubwa, hii ni ya zamani kidogo. Ina pedi nne, na gemu ishirini na kitu ziko humo ndani. Picha yake ya kawaida. Hii nyingine ni mpya. Pedi mbili tu, gemu tatu. Lakini hii," akaipapasa, "inatoa 4K."

Joviana aliitazama stika, akaitazama mashine, akaitazama stika tena, kama mtu aliyewakutanisha ndugu wawili waliopoteana.

"Naacha moja," Johnson akaendelea. "Nyingine narudi nayo kwa meli ya kesho jioni, kuna mtu Mwanza anaisubiri. Yeye yoyote atachukua. Lakini wewe uchague vizuri, kwa sababu mimi nikiondoka ni mpaka Krismasi nyingine."

Basi ndivyo lilivyokaa jambo lenyewe. Mashine moja, mwaka mzima, na chumba kuishi au kuwa cha mbuzi.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana, ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage na sahani ya senene waliokaangwa wakakauka vizuri, kikao kikakaa chumba cha mbele. Apolinary kama baba wa nyumba, Mwalimu Byabato na mto wake, Mwesiga kuwakilisha wachezaji, na Johnson fundi.

Mwalimu ndiye aliyeanza, maana mwalimu hastaafu mdomo.

"Mimi nauliza swali moja. Hawa watengenezaji wa mashine mpya, kwa nini wanahangaika na picha kali hivyo? Wangehangaika mchezo uende laini, usikwamekwame. Mimi nikipiga shuti nataka liende. Sihitaji kuhesabu vinyweleo vya kipa."

"Sema tena, Mwalimu!" Mwesiga akarukia. "Gemu ni mbio. Na pedi nne ni watu wanne wanapiga kelele. Pedi mbili ni msiba."

"Lakini televisheni zinazotoka sasa karibu zote ni za 4K," Johnson akasema. "Mashine isiyoweza, ni kama kumnunulia mtu miwani halafu unamwambia afumbe macho."

"Televisheni hii ina miaka miwili imefumba macho," Apolinary akasema, "na hatujagonga ukuta."

Wakacheka. Joviana hakucheka sana. Alikuwa mlangoni na birika, na maneno yalimjaa mdomoni, ila hakuwa na ushahidi nayo. Utatetea vipi kitu ambacho hujawahi kukiona?

"Basi tupime," Johnson akasema. "Nitafunika mashine zote mbili kwa khanga. Mpira uleule, uwanja uleule. Kila nikibadilisha waya nafunika na kioo, msione maandishi. Mkiweza kusema ipi ni ipi, tunajua kuna tofauti. Msipoweza, pedi nne."

Wakakubali. Apolinary akapanga viti, na alivipanga kama baba yake alivyopanga na baba wa baba yake alivyopanga. Mtu wa heshima hakai karibu na mlango, anakaa ndani kabisa, mgongo ukutani, pasipo na mpitaji. Televisheni ilikuwa ukuta wa mlangoni. Kwa hiyo waamuzi wa picha, kwa heshima kubwa, wakakalishwa mbali na picha kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Mbele, chini ya kioo, ukatandikwa mkeka kwa ajili ya wanawake kama wangependa kupumzika. Hakuna aliyeona kosa hapo. Ungeona wewe?

Johnson akaanza. Picha ya kwanza. Khanga. Picha ya pili.

"Hiyo ya kwanza ndiyo kali," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani.

"Hapana, Mwalimu. Ilikuwa ya zamani."

"Basi rudia."

Akarudia. Mwalimu akakosa tena. Mwesiga akakunja macho mpaka yakabaki mistari, akasema zote sawa. Apolinary alisema zote nzuri, kama mtu anayesifia watoto wa jirani. Mara tano, mara sita. Ilikuwa bahati nasibu.

"Kwisha habari," Mwesiga akasema, akasimama kujinyoosha. "Stika ni stika. Pedi nne!"

"Pedi nne," Mwalimu akakubali. "Nilisema mimi."

Johnson akavuta boksi la mashine mpya, akaanza kutafuta karatasi zake. Kwa Joviana ilikuwa kama kuona jeneza linafungwa. Hata hivyo kahawa ilikuwa haijatengwa, na wageni hawaondoki bila kahawa. Akaingia na kikapu kidogo cha bibi yake, akapiga magoti mbele ya kila mmoja, wakachota punje zao, na alipomaliza, miguu ikiwa imechoka kwa kazi za sikukuu, akakaa pale kwenye mkeka wa wanawake. Akainua uso.

Picha ilikuwa bado iko kwenye kioo. Johnson hakuwa amezima.

Joviana aliacha kutafuna.

"We Johnson. Hii ni ipi?"

"Sijui hata, mama mkubwa, ngoja nitazame..."

"Usitazame. Hii ni ile mpya. Tazama wavu wa goli. Nyuzi zinahesabika!"

Johnson akafunua khanga. Ni ile mpya.

"Umebahatisha," Mwesiga akasema.

"Funika. Badilisha."

Akabadilisha. "Hii ya zamani," Joviana akasema kabla khanga haijashuka vizuri. "Mstari wa duara la katikati una ngazi. Badilisha tena." Akabadilisha, au alijifanya amebadilisha. "Hujabadilisha kitu wewe, unanitania mtu mzima. Ni ileile yenye ngazi."

Johnson akaanza kucheka. Mara saba. Mara saba alipatia, na mara ya mwisho alipatia huku anachota kahawa bila hata kutulia.

"Kuna taa ya mashine anayoiona," Mwesiga akanung'unika.

"Taa gani, kijana? Ninyi mmeona nini kutoka huko Muleba mliko?"

Apolinary akakohoa. Mwalimu akajiweka sawa kwenye mto wake. Na hapo Joviana akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kikapu kingine, kile cha haraka haraka alichosukia soko la watalii. Akasimama katikati yao na vikapu viwili mkononi.

"Tazameni. Hiki cha soko nimesuka kwa nyuzi nene. Nikitaka kukunja pambo, halikunjiki, linapanda ngazi. Hiki cha bibi, pale kwenye uzi mmoja mnene, yeye ameweka nne nyembamba. Ndiyo maana ua lake ni duara kweli. Sasa nikivishika hapa mlangoni, kutoka huko kwenye viti vyenu, vina tofauti?"

"Havina," Mwalimu akasema polepole.

"Havina! Bibi angekuwa anatazama vikapu kutoka kwenye kiti cha babu, nisingefumuliwa hata kimoja maisha yangu. Hebu njoni mkekani."

Mkeka wa wanawake. Apolinary aliangalia dari. Mwesiga akajidai amepata ujumbe kwenye simu. Lakini Mwalimu Byabato alikuwa mtu wa kutaka kujua, ndiyo ualimu wenyewe, na jambo lilikuwa limeshamuwasha. Akauchukua mto wake, akautupa mkekani, akaanza kushuka. Alishuka kwa awamu tatu, goti moja, goti la pili, kisha mwili wote kwa mkupuo.

"Wakola, Mwalimu, umeweza," Joviana akamtia moyo.

Johnson akaweka ya zamani. Mwalimu akatazama. Akaweka mpya.

"Waitu!" Mwalimu akapiga kelele mpaka kuku wa nje wakatawanyika. "Nyasi! Zina ncha! Mwesiga, njoo huku, acha ujinga, njoo uone kamba za viatu!"

Mwesiga akaja kwa kuchuchumaa kwanza, kama mtu anayetaka kukimbia wakati wowote. Sekunde chache baadaye alikuwa amekaa kabisa, miguu imenyooka, pedi mkononi. "Aisee," akasema. "Namwona beki wangu anageuza kichwa kabla hajageuka. Aisee, Mwalimu, leo utaoga mabao."

"Njoo tuone!"

Wakaanza kucheza. Wakacheza wakipiga kelele, wakisukumana mabega. Pedi mbili zilitosha kuutikisa ukuta. Joviana alikaa nyuma yao, mikono imeshika mashavu, akiitazama televisheni ya mwanawe ikiwa imefumbua macho kwa mara ya kwanza.

Lakini saa hazikusimama. Johnson alitazama saa yake.

"Mama mkubwa, meli. Nachukua ipi?"

Mwesiga hakugeuka kutoka kwenye kioo, ila alisema, na alisema kweli: "Mimi nimeiona. Lakini wenzangu watakuja watakaa kwenye mabenchi kule nyuma, hawataona kitu. Watauliza pedi nyingine mbili ziko wapi."

Ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Joviana akalizungusha kichwani. Mwalimu, jasho linamtoka, akatoa hukumu yake bila kuombwa: "Mimi nafuta niliyosema. Mashine mpya iwe nayo hiyo picha. Anayekaa mbali hapotezi kitu, anayekaa karibu anapata. Ila ukumbi wako, shemeji, ni wa watu wa mbali."

"Ulikuwa, mpaka leo," Joviana akasema. "Johnson, chukua ya zamani. Na kabla hujaenda mnisaidie kutoa haya mabenchi. Yote. Yakae barazani."

"Mama Lilian," Apolinary akaanza.

"Baba Lilian, nina mikeka sita chumbani nimeisuka haina mgeni. Leo imepata."

Walitoa mabenchi. Johnson akawahi meli na boksi lake la pedi nne, na jioni ilipoingia Joviana alibaki na mashine moja na mikeka sita. Alikuwa amechagua. Kama amekosea, amekosea mpaka Krismasi nyingine.

Siku ya tatu mvua ilianza asubuhi. Alifungua mlango, akawasha, akakaa na usukaji wake. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne pikipiki moja ikapita bila kusimama, akaisikiliza inavyopanda kilima mpaka sauti ikapotea upande wa Ijuganyondo. Apolinary alikuwa kwenye kiti chake ukutani, chumba chote ni chake.

Kisha pikipiki zikasikika nyingi kwa pamoja. Zikazima mlangoni. Mwesiga akaingia wa kwanza, koti la mvua linachuruzika, na nyuma yake wenzake saba.

"Vueni mabuti," akawaambia. "Na msikae nyuma kama wakwe. Karibuni hapa mbele. Mnaona lile goli? Hesabuni nyuzi."

Jozi nane za mabuti zikapangwa barazani chini ya mabenchi. Ndani wakabanana mkekani bega kwa bega, na kila aliyeona alipiga kelele yake. Mmoja alisema Ijuganyondo wana televisheni kubwa kuliko hii. "Lakini imelala," mwingine akamjibu. Hakuna aliyeulizia pedi. Waliokuwa hawachezi walikuwa na kazi ya kutazama, na kutazama kwenyewe kulikuwa kucheza. Mwalimu akaingia na mto, wakampisha katikati.

Joviana alisuka huku anacheka peke yake. Aliipangusa televisheni vumbi kwa ncha ya khanga, akaipangusa na ile stika, akaiacha hapohapo.

Baada ya muda aligeuka. Kiti cha Apolinary hakikuwa tena ukutani. Kilikuwa kimesogea mbele kama hatua moja, naye amekaa wima anatazama dirisha. Mchezo ukaisha, mwingine ukaanza. Kiti kikalia krrr kwenye sakafu. Hatua nyingine. Bao likafungwa, watu wakaruka, na katika zile kelele kikalia tena, safari hii kirefu zaidi. Joviana alijizuia asicheke. Alihesabu mafundo ya kikapu chake, akasubiri, mpaka miguu miwili ya mbele ya kile kiti ilipokanyaga ukingo wa mkeka.

"Baba Lilian," akasema bila kuinua macho. "Ukifika hapo, viatu tunavua."

Apolinary alitazama huku na huku. Kisha akainama taratibu, akaanza kufungua kamba.